Bi Rudia, Aliyekagua Kazi za Wenzake

Ninyi mlioanza kubinua midomo huko nyuma, komeni kwanza, maana nawasikia mkiulizana ni kazi gani hiyo ya kukaa mbele ya kompyuta bila mshahara, na haya ninayosoma ni kweli tupu, niliyaona kwa macho yangu nikimuuguza, asiyeyaamini akaamini ya kwake nyumbani.

Marehemu, mtoto wa kaka yangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake la kushona viatu, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, nami ndiye niliyempokea, kwa kuwa mkunga alichelewa akafika wakati wa chai. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, ambako walimu walimpenda na wenzake walimkimbia, maana ukimwazima daftari lako lilirudi na makosa yako yamepigiwa mstari, kisha akaenda sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mambo ya kompyuta mwaka 2001, nami niliyeishia darasa la saba nikamshonea gauni la mahafali.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akitunza mitambo, na huko ndiko alikolipwa, mliouliza mshahara mmejibiwa. Kazi ya pili aliianza mwaka 2009, baba yake alipopoteza macho, nayo ni programu inayowasomea kwa sauti watu wasioona, ambayo haiuzwi, matumbo yake, yaani maandishi yanayoiendesha, yako wazi kwa wote, na mtu yeyote popote alipo anaweza kuleta kiraka chake cha kuirekebisha, ila hakiingii mpaka mwenzake akisome mstari kwa mstari, akikubali au akirudishe. Msimamizi wa usomaji huo alikuwa yeye, na alirudisha sana, ndiyo maana wakamwita Bi Rudia, lakini alirudisha kwa adabu, akieleza kosa liko wapi na linamuumiza nani, na sheria yake ilikuwa kwamba hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe, hata yeye.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2003 na fundi umeme huyu mnayemwona hapa, mtu mpole, ambaye barua yake ya uchumba alimrudishia kwanza airekebishe, wakajaliwa watoto wawili, wa kike yuko chuoni na wa kiume yuko sekondari.

Ugonjwa wa ini ulimshika Agosti mwaka jana, na mwezi Januari, akiwa kitandani na mto mgongoni, aliandika kiraka chake cha mwisho, cha kuifanya programu isome vibandiko vya dawa, ili asiyeona ajue kipimo bila kumsumbua jirani. Akakipeleka kwa wenzake kama sheria inavyotaka, nao, kwa huruma, wakakikubali siku ileile, safi sana dada, ugua pole dada, na hata mmoja hakukisoma, na marehemu aliyajua hayo, kwa sababu aliyezoea kukagua anajua kazi iliyokaguliwa na iliyopapaswa. Aligeukia ukutani, akasema wenzake wamekwisha kumzika.

Alikuwa amebaki mmoja, mfanyakazi wa posta waliyebishana naye miaka yote, marehemu akimwita Mpinzani, na huyo akakirudisha. Aliandika kwamba programu inaruka nukta, mililita mbili nukta tano inazisoma ishirini na tano, na mama asiyeona akimnywesha mtoto wake kipimo hicho atamuua, akaongeza na makosa mengine madogomadogo, wala hakuweka neno la pole. Nyumba ilichafuka, shemeji yake, ndugu wa mumewe, akasema mtu huyo hana utu, mume akavuta kompyuta amjibu, na mimi matusi yangu nilikuwa nimekwisha kuyapanga.

Marehemu akasema, "Iacheni hiyo kompyuta. Huyu peke yake ndiye anayenihesabu kuwa bado niko hai."

Akaomba chai, akaomba na miwani, akaanza kazi, akarekebisha kidogokidogo, akarudishiwa tena, wakabishana, akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Septemba. Kiraka kilipita tarehe 3 Februari, na usimamizi wa ukaguzi akamkabidhi Mpinzani, kisha Jumanne tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani kwa viti na maji, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na wenzake wa programu waliotuma rambirambi kutoka kila upande, natumaini safari hii mlisoma kabla ya kukubali.

Mpinzani hakutuma, amekuja mwenyewe, kasafiri usiku kucha, naye yuko hapo nje kwenye benchi, kwa sababu shemeji alimwambia humu ndani ni mahali pa waliompenda marehemu.

Pumzika salama, mwanangu, sasa hapana wa kukuamsha na swali. Nami nimemaliza, karatasi naikunja, nakwenda kukaa na yule mtu kwenye benchi, na mlango naufunga, shemeji akiwa tayari kutukaribisha aje aufungue kwa mkono wake.