Bangili Tuliyoirudisha Udongoni

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Baba Mchungaji, Baba Padre, wazee wa baraza, walimu wenzangu, nanyi ndugu zangu wa Muleba mliokosa viti mkasimama madirishani: nawasalimu nyote.

Mimi, Kashaija, nimefundisha miaka kumi na tisa kwamba chuma tuliletewa na wageni. Leo, mbele ya wanafunzi wangu, nakiri kwamba nilikosea.

Masika iliyopita, Ma Kokugonza, mjane mnayemfahamu, alikuwa akichimba shimo la mgomba kibanjani, yaani shambani kwake. Jembe likagonga matofali mekundu yaliyoungua. Akaniita. Tulichimba siku kumi na moja, mwishoni kwa kijiko, tukakuta tanuri la kuyeyushia chuma, la kale kuliko ujio wa wageni, na vipande vya vyungu vyenye mistari iliyonyooka kana kwamba imechorwa jana. Nilipiga magoti. Ni nani hao waliolifanya jiwe litiririke kama uji, hapa hapa tunapopalilia kahawa?

Kando ya tanuri alilala mtoto. Mifupa tu, na bangili ya chuma mkononi.

Mgeni mmoja wa mbali, ambaye simtaji, alikuwa ameniahidi kwamba bangili ile itakaa kwenye kabati la kioo Ulaya, na kando yake kadi yenye jina langu. Jina langu, ndugu zangu! Nikaivua. Nikaifunga sandukuni.

Ma Kokugonza akaja shuleni asubuhi, miguu ina tope.

“Mwalimu, umemwomba nani?”

“Ma, ni kitu cha kale. Hakina mwenyewe.”

“Yule mtoto hakujivika mwenyewe. Alivikwa na mama yake.”

Nikalifungua sanduku. Niliipima bangili, nikaichora, kisha tukarudi wawili kibanjani. Nikairudisha mahali pake. Ma Kokugonza akafukia, akaomba kwa Kihaya, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Mgomba akaupanda kwingine.

Kwa hiyo, waheshimiwa, katika chumba hiki cha makumbusho tunachokifungua leo mtaona matofali, vyungu na mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha, vyote kwa ridhaa ya mwenye kibanja. Bangili msiitafute.

Nawashukuru kwa subira yenu, na kwa kunisikiliza nikikiri kosa langu hadharani. Bwana Mkuu wa Wilaya amekubali ombi langu la mwisho: ufunguo huu si wangu kuushika.

Ma Kokugonza, pita mbele, utufungulie.