Kigoda cha Mabibi

Ndugu zangu, mniwie radhi, nitaongea nimekaa. Mguu wa bandia umenichubua tangu asubuhi, na baridi ya Ufipa mnaijua.

Wengi wenu mlikuwa Mpui mwaka ule mkokoteni wa ng'ombe uliponikanyaga mguu tukitoka kuvuna mahindi. Kidonda kikaoza, madaktari wakaukata chini ya goti.

Lakini kilichonimaliza ni siku ya kupura ulezi pale kwetu. Wanawake wamesimama kuuzunguka ulezi, wanapiga kwa zamu wakiimba, na zamani mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo. Fimbo yangu iliyozoea mkono wangu ilikuwa kwa mtu mwingine. Mimi nimewekewa kigoda pembeni, kati ya mabibi wanaoonja pombe. Walinihurumia tu, siwalaumu. Ila mwenzangu mmoja, tuliyeolewa msimu mmoja, alipoinama kunipa pombe alipitiwa akaniamkia shikamoo. Nami nikaitikia marahaba. Nawaambia, siku ile nilijiona nimeshazikwa. Nikaacha kutoka nje, nikaacha hata kuchana nywele.

Wifi yangu wa Chanji akaja kunichukua. Nikadhani tunakwenda hospitali, kumbe uwanjani, kwa watu wenye ulemavu wanaocheza mpira wa wavu wa kukaa. Wavu uko chini, wote mnakaa, na ukiinua makalio wakati wa kucheza mpira ni kosa. Niligoma. Kukaa kulikuwa kumenichosha. Basi wifi, na miguu yake yote miwili, akavua kandambili akakaa. Kila mpira ulipomjia alinyanyuka, na filimbi ikalia. Watu wakamcheka.

"Wifi, njoo unisaidie," akaniambia. "Mimi kukaa sijui."

Nikaketi kando yake. Mpira wa kwanza ulinipiga usoni, wa pili nikaurudisha. Jioni mabega yaliniuma kama ya mtu aliyetoka shambani, nikalia kwa furaha. Nikaendelea kwenda. Siku nyingine nilirudi nimekata tamaa, kesho yake nikaenda tena. Mikono ikakaza, na macho ya watu yakapungua kunitisha.

Msimu huu wa kupura nikakuta kigoda changu kimewekwa palepale. Nikakipita na magongo yangu, nikakaa chini kwenye ulezi. Wimbo ukakatika. Mama mkwe, ambaye hajanisifu tangu niolewe, akasema taratibu, "Mrudishieni fimbo yake."

Nikapiga. Ndugu zangu, sitawadanganya, haikuwa kama zamani. Fimbo ni ndefu kwa mtu aliyekaa, zamu ikanipotea, na wimbo alianzisha mwingine. Mguu usiokuwepo bado unaniwasha, na ipo siku naamka sitaki kumwona mtu.

Namshukuru Mungu, wifi yangu, mama mkwe na wachezaji wenzangu. Nanyi nawaomba, mwenzenu akipatwa na haya, kigoda mwekeeni, ni utu. Ila fimbo yake msimpe mtu mwingine.