Barua Ndani ya Jora la Kumi na Tisa

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenipa mimi, kitinda mimba wao, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, naomba mnivumilie sauti ikikwama.

Dada alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi baiskeli na mshona mashati, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akaanza shule ya msingi Januari 1965, akafaulu kwenda sekondari, lakini baba alipofariki mwaka 1973 aliacha masomo akiwa kidato cha pili, ili sisi tuliomfuata tupate madaftari.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya ukaguzi, kazi yake ikiwa kuvuta kitambaa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake na kutia chaki penye kasoro, wenzake wakambatiza Bi Taa, naye alizoea kusema kwamba kitambaa hakina unafiki, kikiwa na tundu hukuonyesha, binadamu ndiye anayejikunja. Tarehe 19 Desemba 1981 aliolewa na fundi umeme wa kiwanda hicho hicho, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele yenu, wakajaliwa watoto watatu, wa kati akatangulia mbele ya haki akiwa na siku nne tu.

Sehemu inayofuata aliagiza mwenyewe isirukwe.

Mwaka 1988 msimamizi wa zamu alianza kumbakiza kazini baada ya kengele, akimshika mwili bila ridhaa yake na kumkumbusha kwamba mkataba wake uko mikononi mwake, na dada, ambaye sasa alikuwa halali usiku wala hali mchana, tarehe 6 Juni aliandika barua ya malalamiko kwenda ofisi ya utumishi. Baada ya wiki moja aliitwa katika chumba kilicho juu ya tanuri la mvuke, peke yake, mumewe akazuiwa getini, akakuta wakubwa watatu mezani na msimamizi mwenyewe ameegemea mlango, hakuelezwa msimamizi amejibu nini, alisukumiwa tu karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Alipoomba kuisoma aliambiwa sahihi ni ya chini, ya juu hayamhusu. Aliisoma hivyo hivyo, amesimama, akakuta imeandikwa kwamba alizua yote kwa hasira ya kunyimwa likizo, akairudisha mezani na kusema, “Sitii sahihi maneno ambayo kinywa changu hakikuyasema.”

Kuanzia tarehe 20 Juni alihamishiwa ghala la zamani, peke yake, kati ya majora ya vitambaa visivyouzika tena, na huko ndiko alikosikia hesabu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, jua likiwaka madirishani, sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka, ilihesabu kama wakaguzi wanavyohesabu, moja, mbili, tatu, ikifika kumi na tisa inanyamaza. Dada alidhani ni mtu wa upande wa pili wa ukuta, akazunguka nje, akakuta mtaro mkavu na ukuta usio na hata tundu la panya. Shemeji alimwambia ni mawazo, mpaka siku alipotumwa kubadilisha taa humo, akatoka kabla hajamaliza, ngazi ameiacha, na hadi leo hajatueleza alichosikia, ila jioni ile alimwambia mkewe, “Usimkimbie. Hesabu naye.”

Tarehe 4 Oktoba dada alisimama mlangoni, akahesabu pamoja na ile sauti, hatua kwa hatua, jora kwa jora, wakafika pamoja kwenye la kumi na tisa, la kijivu, akalikunjua sakafuni, na ndani yake zikaanguka bahasha kumi na moja zisizofunguliwa, zote kwa ofisi ya utumishi, ya kwanza ya mwaka 1967, na alipozifungua akakuta zote zinamlalamikia mtu mmoja, msimamizi yule yule. Tatu ziliandikwa na mkaguzi aliyeketi kwenye meza ile ile ya kioo kabla yake, mwanamke aliyefariki mwaka 1974, nane zilizobaki na wanawake wengine watatu, na nani aliyezifungia jorani hatujui mpaka leo. Hesabu haikusikika tena.

Barua hizo alizipeleka kwa afisa kazi, shauri likafunguliwa upya tarehe 29 Novemba, safari hii akiwa na mwenzake wa chama cha wafanyakazi kando yake, maelezo yakisomwa kabla ya sahihi, na akadai msimamizi naye apewe nakala, siku kumi za kujibu na mtu wa kukaa naye. Wenzake walipong’aka kwamba anamlea nyoka, aliwajibu, “Mkimhukumu bila kumsikiliza, mmemwachia mlango wa kutokea.” Msimamizi alisikilizwa, akatiwa hatiani, akaachishwa kazi tarehe 12 Desemba 1988, na dada akarudi mezani kwake.

Mwaka 1991 alichaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi, na hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2012 aliketi kando ya watu sitini na wawili katika mashauri yao, wengi wao walalamikaji, wachache watuhumiwa. Mwaka 2003 aliketi na dereva aliyetajwa kimakosa katika lalamiko la namna ile ile, akaonyesha kwa daftari la getini kwamba siku ya tukio hakuwepo, na kwa miezi mingi wanawake wa kiwandani walimpa mgongo kantini, akawa anakula peke yake, anakuja kulia kwetu, kisha kesho yake anakwenda kazini.

Machi 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na dereva yule ndiye aliyempeleka na kumrudisha kwa miaka mitano, hakukosa hata wiki moja. Alilazwa tarehe 15 Mei 2024. Asubuhi ya tarehe 22 alimwomba muuguzi awaletee viti akina mama wanne waliosimama ukutani, akisema, “Wamesimama tangu jana, miguu itawauma.” Muuguzi aliuona ukuta mtupu, hata hivyo alikwenda sebule ya wageni akaleta vinne, akavipanga. Dada alitazama hadi wote walipokaa, akashukuru, na saa tano na dakika arobaini akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa aliyeleta viti bila kuuliza, majirani waliotufulia na kutupikia, wafanyakazi wenzake wa zamani, pamoja na wale waliokuwa wamempa mgongo, tumewaona, karibuni mkae mbele.

Dada, tumekusindikiza hadi tulipoweza, pumzika sasa, na amani ikulaze.