Saketi ya Tatu

Asubuhi ile kijiwe changu cha kahawa hakikukalika. Mkasi, fundi cherehani, anakaa, anasimama, anachungulia simu, anakaa tena, mpaka benchi zima linayumba. Dada yake ni mhadhiri chuoni, mtu wa maikrowevu. Si zile za kupashia viporo. Ni mawimbi ya simu na rada. Anaandika hesabu za kutabiri transista itafanya nini, anachora saketi, kiwanda cha mbali kinaitengeneza, kisha anaipima aone kama hesabu zilisema kweli. Mbili zilisharudi zikamtia aibu. Leo anapima ya tatu, na wakubwa wametamka: ikikataa, maabara inafungwa. Aliahidi kupiga simu akimaliza.

Mimi: Tulia basi, Mkasi! Kahawa yangu inaishia chini.

Mkasi: Mama Kahawa, hujui wewe. Ile ya pili alipoiwasha tu ikaanza kunguruma yenyewe, hajaingiza hata wimbi moja. Alikuja kwangu akalia juu ya vitambaa vya wateja.

Redio, kinyozi asiyezimika, akadakia.

Redio: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii itakubali tu.

Hakimu, aliyewahi kuwa mlinzi wa mahakama, akakunja uso.

Hakimu: Hiyo methali ni ya wageni, bwana!

Redio: Na saketi imetoka ng'ambo. Si mgeni huyo?

Hakimu: Wacha zako. Kiwandani wameibadilisha. Wamebaki na ya kweli, sisi wametuletea ganda.

Redio: Tangu lini ganda likanguruma? Ile inanasa maongezi. Hata haya yetu yamo humo ndani.

Hakimu: Ahaa! Ndiyo maana hapigi simu. Inamsikiliza!

Mkasi: Nyamazeni! Ujana wake wote umeishia kwenye vidude vidogo kuliko punje ya mchele, nyie mnafanya mchezo?

Nilimwonea huruma, na wale wawili nilitamani kuwamwagia birika. Hapo akatokea mwanamke mwenye koti jeupe la maabara, anahema.

Mgeni: Samahani jamani, kaka yake mwalimu ni nani?

Mkasi: Mimi. Imekataa?

Mgeni: Imekubali! Kipimo kimeifuata hesabu mstari kwa mstari. Mwalimu akatazama, akavua miwani, akatoka bila neno. Simu kaiacha mezani. Wakubwa wamekuja kumpongeza, hatumwoni.

Redio alipiga kigelegele kama mama wa bibi harusi. Hakimu akamkumbatia mtu asiyemjua. Yule mwanamke hakucheka.

Mgeni: Kaka, akifurahi huwa anakwenda wapi?

Mkasi: Akilia huja kwangu. Akigombana na wakubwa, kwangu. Akiumwa, kwangu.

Mgeni: Nimeuliza akifurahi.

Mkasi akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule, wala hakujua aanzie wapi.