Mabegi ya Sirili ya Kwenda Singida

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Jumapili hii tunamkumbuka Sirili Temba, wa Uru, huku mlimani juu ya Moshi. Sirili Temba amefariki barabarani, akiendesha baiskeli. Alikuwa anakwenda Singida kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hakufika.

Wengi mlimfahamu kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, alikopima magunia mpaka akastaafu. Mtu mrefu, mpole, suruali imebanwa na kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo. Lakini habari za siku zake za mwisho nimezipata kwa rafiki yake, Salehe, fundi maturubai pale mjini. Nilimfuata nyumbani. Alizungumza kwa shida, na mara mbili aliniomba nizime kinasa sauti.

Salehe na Sirili walijuana kiwandani. Salehe aliitwa kushona maturubai ya malori, Sirili akawa ndiye wa kumpokea. Tangu hapo hawakuachana. Jumapili Sirili akitoka misa alishuka mjini, wakapanda baiskeli hadi Bomang'ombe, wakanywa chai, wakarudi. Sirili mbele, Salehe nyuma analalamika. Sikukuu ya Idi Sirili alikula kwa Salehe. Krismasi Salehe alipandisha Uru, na Zita, mke wa Sirili, alihakikisha nyama ya mtori, ile supu ya ndizi, imechinjwa na Mwislamu.

Mwaka huu binti yao Evelyn, ambaye ni nesi Singida, akajifungua. Sirili akatangaza kwamba atakwenda kwa baiskeli.

"Basi lipo, baba Evelyn," Zita alimwambia.

"Basi litanifikisha," Sirili akajibu. "Mimi nataka kusafiri."

Salehe alisema magoti yake hayawezi safari ya namna ile. Ikabaki habari ya mizigo. Wasikilizaji, baiskeli ya safari ndefu inataka mabegi mawili ya kuning'inia pembeni mwa tairi la nyuma, huku na huku. Sirili alitaka kubeba unga wa ndizi kwa ajili ya uji wa mzazi, blanketi la mtoto, nguo zake, maji na vifaa vya kuzibia pancha. Na mfuko wake ulikuwa wa mstaafu.

Alikwenda Arusha kuangalia mabegi mapya yasiyoingia maji. Alipoambiwa bei alimshukuru muuzaji, akatoka. Akajaribu ndoo mbili za rangi zenye vifuniko, akazifunga kwenye keria. Maji hayakuingia, lakini kila akikanyaga pedali kisigino kiligonga ndoo. Alizunguka nazo Kiboriloni, watu wakamcheka, naye akacheka nao.

Salehe alikuwa anangoja. Alikuwa na kipande cha turubai zito, la kijani, amekitunza chini ya meza. Hakusema kitu. Alijua Sirili atamwomba tu.

Sirili hakumwomba. Siku moja alikuja kibandani kwa Salehe na mabegi mawili ya mtumba, ya kizungu, mekundu, kayapata soko la mitumba la Memorial kwa bei ya kutupa. Begi moja kulabu yake ya plastiki ilikuwa imevunjika. Sirili aliifunga kwa waya.

Salehe aliligeuza lile begi mkononi. "Waya huu hautafika Singida," alisema.

"Utafika. Nimeukaza."

"Na mimi si nipo hapa?"

"Upo, fundi. Lakini haya yanatosha."

Haya yanatosha. Salehe aliniambia maneno hayo yalimchoma. Miaka yote ile ameshonea malori ya watu asiowajua, na rafiki yake anakwenda kununua kilichotupwa na Mzungu. Akamrudishia begi, akainamia cherehani. Sirili alisimama kidogo, akaaga, akaondoka.

Asubuhi ya safari Sirili alipitia kibandani. Alipiga kengele ya baiskeli. Salehe alikuwa ndani, mlango umerudishwa, chai mkononi. Aliisikia. Alinyamaza mpaka ilipokoma. Baadaye alichungulia, barabara ilikuwa tupu.

Safari ilianza vizuri. Alipita Arusha, akashika njia ya Babati. Alilala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu, na jioni alimpigia Zita. Alimsimulia tembo aliowaona kwa mbali na upepo uliotaka kumwangusha. Alipofika Magugu alisema lile begi la kushoto limeachia.

"Nimelifunga kwa mpira wa tairi, mama Evelyn. Liko imara." Kisha akauliza, "Salehe amekuja huko?"

"Hajaja."

"Msalimie."

Zita hakupata nafasi ya kufikisha salamu hiyo mapema. Kesho yake, kwenye mteremko mmoja baada ya Babati, mpira ulikatika. Begi la kushoto liliingia kwenye tairi la nyuma, tairi likakwama, na Sirili akarushwa katikati ya barabara. Lori lilikuwa nyuma yake. Dereva alijaribu kukwepa, akashindwa. Sirili Temba alifariki palepale, wasikilizaji wapendwa, wakulima waliokuwa karibu wakamfunika kwa kanga. Unga wa ndizi ulikuwa umemwagika lami nzima.

Alizikwa Uru, kihambani kwake, shambani pa nyumbani, kati ya migomba na kahawa, mvua ikinyesha. Salehe alipanda mlima tangu asubuhi. Alikaa nyuma kabisa, akikwepa macho ya watu. Baada ya mazishi Zita alimfuata, akaketi naye kwenye benchi.

"Shemeji, mbona unajificha?"

"Shemeji, ningemshonea," Salehe alisema. "Hakunitaka. Sijui nilimkosea nini."

Zita akamgeukia. "Hukumkosea. Alikuona unavyolitafuta tundu la sindano kwa kidole. Alijua macho yako yanakwisha kwa ugonjwa wa sukari, na alijua hutaki mtu ajue. Aliniambia, 'Nikimwomba atakesha anashona, na hela hatapokea. Atayamaliza macho kwa ajili yangu.'"

 Salehe aliniambia alihisi benchi linazama naye. Alikuwa akificha macho yale hata kwa mke wake, kumbe Sirili alijua siku zote, na alikuwa akimfichia.

Ndipo Evelyn akaja na mtoto amembeba. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpakate. Baba alikuwa anakuja kumpakata."

Salehe alisema atamwangusha. Evelyn akamwekea mtoto mapajani, akakaa karibu, akamshikilia Salehe mikono. Wakakaa hivyo hadi waombolezaji walipoanza kuondoka. Salehe anasema hakuuona vizuri uso wa yule mtoto. Aliona weupe wa blanketi tu.

Nilimuuliza Salehe swali moja la mwisho. Ile asubuhi, kwa nini hukutoka? Akasema, "Nilikuwa bado nina hasira. Nilipanga kumsemesha akirudi."

Kwa niaba ya wote wanaofanya kazi hapa studioni, tunakupa pole mama Zita. Pole Evelyn, na mwanao ambaye babu yake alikuwa njiani. Pole sana, fundi Salehe. Mungu ampumzishe Sirili Temba mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda una mtu wako mmenuniana. Labda alikataa kitu chako, na hukumuuliza sababu. Umepanga kumsemesha akirudi. Nitakaa kimya kidogo hapa, nisiweke hata wimbo. Mpigie.