Ulimi Haukurudi, Bwana Akanipa Kibodi

Bwana asifiwe, wapendwa! Anayesoma hapa mbele ni binti yangu Nuru, lakini anayesema ni mimi mama yake, niliyeketi benchi la mbele na mkono wa kulia uliolala mapajani. Kila neno nimeliandika mwenyewe kwa vidole vya mkono wa kushoto. Nimemwambia asiongeze kitu wala asipunguze, na akilia, apanguse machozi aendelee.

Wengi wenu mnanijua. Nilifundisha kwaya ya usharika huu, na kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule ya sekondari, enzi za taipureta. Na nilikuwa msemaji, sikatai! Mume wangu, Baba Nuru, alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo mimi nilisema ya kwangu na ya kwake. Watu walitania kwamba nikipiga soga gulioni Kikatiti, walioko kule juu mlimani hawana haja ya kushuka kutafuta habari.

Siku ile tuligombana kwa ajili ya maji. Mnaujua mfereji wetu na zamu zake. Zamu yetu ilikuwa alfajiri ya Jumanne, Baba Nuru akapitiwa na usingizi, jirani akayageuzia maji shambani kwake, karoti zetu zikanyauka. Nilisema asubuhi, nikasema mchana, jioni nikaanza upya. Ndipo yule mtu mpole akapiga meza kwa kiganja akasema, "Mama Nuru, Mungu akufunge huo mdomo, na mimi nipumzike!"

Ndugu zangu, kesho yake nilianguka jikoni. Kiharusi! Nilipozinduka nikiwa hospitali, mkono na mguu wa kulia havikunisikia tena, na ulimi ulikuwa kipande cha nyama tu kinywani. Nilitaka kuita jina la Nuru, ikatoka sauti kama ya ndama.

Sikilizeni vizuri hapa. Akili yangu ilikuwapo yote. Nilisikia kila neno, nikaelewa kila neno. Lakini watu wakiona mdomo umepinda na udenda unatoka, wanadhani na ndani kumepinda. Watoto wa jirani walikuja mwanzoni, "Shikamoo bibi," nami sikuweza kuitikia marahaba. Wakaja tena, sikuitikia. Mwisho wakawa wananipita kama wanavyopita kando ya boma la ng'ombe. Wageni walikaa kitandani kwangu wakajadili mbele yangu nitazikwa upande gani wa migomba. Mungu wangu, unajua nilivyotamani kuwajibu!

Walinipa kalamu. Mkono wa kushoto haukuwahi kushika kalamu maisha yake yote, tena nao ulikuwa unatetemeka. Nilichoandika kilikuwa kama kuku amekanyaga tope. Wakatazamana, wakatikisa vichwa. Nuru akanipa simu yake, niguse herufi kwenye kioo. Kioo cha simu hakina subira! Kidole kikitetemeka tu, kimeshagusa vitu vitatu. Nilitafuta herufi ya N, nikampigia mchungaji. Nilitafuta tena, nikafuta picha za arusi ya watu. Wakaninyang'anya taratibu, kwa upole, kama mtoto aliyeshika kisu.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni Baba Nuru.

Yule mtu aliamini kwamba amenifunga yeye kwa kinywa chake. Na ukoo nao ulimnong'onea hivyo hivyo. Kila asubuhi alinilisha uji, akaniosha uso, akapiga magoti. "Mama Nuru, nisamehe. Nilisema kwa hasira." Mimi nilimsamehe kabla uji haujapoa siku ya kwanza! Lakini nitamwambiaje? Nilikuwa nalia, na yeye akaona machozi yale ni ya hasira.

Kwetu Wameru mnajua, jambo likiwa zito mtu huleta jani la isale. Aliyekosewa hulipokea kwa mkono wa kulia na kutamka kwamba amesamehe, basi limekwisha. Baba Nuru, Mkristo wa siku zote, alikwenda mpakani mwa shamba, akachuma isale, akaja akanyoosha mikono miwili mbele yangu. Hakuniwekea mkononi, maana isale hailazimishwi mtu, hupokelewa. Nilijaribu kuinua mkono wa kulia. Haukuinuka. Nikaufikiria wa kushoto, nikaogopa, nani anapokea isale kwa kushoto? Ni tusi. Mwisho nikasema moyoni, Mungu anaona, nikaunyoosha. Ukatetemeka, ukalipiga lile jani, likaanguka chini.

Yeye aliona nimelipiga makusudi.

Aliliokota, akatoka. Tangu siku hiyo hakushiriki meza ya Bwana. Mchungaji alipomuuliza, alisema hawezi kuja mezani wakati nyumbani kuna mtu ambaye hajamsamehe. Akaacha kula vizuri, akakonda. Tulidhani ni huzuni, kumbe tumbo lilikuwa na ugonjwa wake. Walipompima mjini, walisema umeshaenea, arudi nyumbani akapumzike. Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa giza! Wagonjwa wawili chini ya bati moja, mmoja anaomba msamaha, mwingine amejaa msamaha mpaka kooni, na njia hakuna. Nilimwambia Mungu, kama umenyamaza na wewe, basi tuchukue wote.

Nuru ameolewa Nduruma, lakini alikuja kila mara kunipeleka Arusha mjini kwa mazoezi ya viungo. Siku moja simu yake ilikuwa imeanguka, kioo kinawaka lakini hakisikii kidole. Tukapita kwa dada mmoja fundi wa simu. Akaitazama akasema, "Tachi ndiyo imekufa. Simu yenyewe nzima, ndani kila kitu kipo. Haina tu pa kuigusia."

Neno lile lilinichoma, wapendwa. Nilihisi ananisema mimi.

Akatoa kawaya kafupi wanakaita OTG, upande mmoja kanaingia kwenye simu, upande wa pili akachomeka kipanya cha kompyuta. Na tazama, kwenye kile kioo kisichogusika ukatokea mshale! Akausogeza polepole, akaufikisha anakotaka, akabonyeza. Simu ikatii. Kipanya hakina haraka, kinakungoja mpaka uwe tayari. Mimi macho yangu yakahama, yakaenda mezani pake. Palikuwa na kibodi ya zamani, imejaa vumbi, herufi nyingine zimefutika. Herufi zilizofutika zilinihusu nini mimi? Nilizijua kwa vidole tangu taipureta!

Nikairukia. Kiti kilitaka kupinduka. Nikaivuta kibodi kifuani huku nikilia kwa ile sauti yangu ya ndama. Nuru akapiga kelele, "Mama! Mama, tulia! Dada, samahani, ni mgonjwa." Fundi akasema, "Mwache kwanza, kuna kitu anataka." Akachomoa kipanya, akachomeka kibodi.

Mara ya kwanza kidole kilitetemeka juu ya N, ikajiandika mstari mzima. Fundi hakucheka. Nikajifunza kugonga na kuinua, kugonga na kuinua. Nikaandika: *Nuru usiogope. Mama yako nipo. Nasikia yote.*

Binti yangu alikaa chini pale pale sakafuni kwa fundi. Asante, Yesu! Asante!

Fundi akanitengenezea kwenye kishikwambi cha Nuru, maana kioo chake ni kikubwa. Kina tundu moja tu, kwa hiyo akatupa kifaa chenye matundu mawili, kibodi huku, kipanya kule. Akatuonya kwamba vikiwa vimechomekwa huwezi kuchaji, na vinakula chaji haraka. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nawahi nyumbani.

Baba Nuru alikuwa kitandani, uso umeelekea dirishani. Nuru akaegemeza kishikwambi kwenye mto wa kulalia, kibodi akaiweka kwenye mapaja yangu. Nikaandika: *Baba Nuru, nilikusamehe siku ile ile. Sikuipiga isale makusudi. Mkono ulitetemeka.*

Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaivua, akasema kwa sauti ndogo, "Nuru mwanangu, usinidanganye kwa kuwa nakufa. Hayo umeyaandika wewe."

Nuru akaapa, akalia, haikusaidia. Yule mtu alikuwa amezoea kutosamehewa. Nami, Mungu anisamehe, nikakasirika! Nikamwita kwa jina lake, nikaandika hivi:

*Anaeli, usimsingizie mtoto. Ungeamka Jumanne ile tungekula karoti. Na soksi zangu za sufu ulizivaa wewe, ukaniambia zimechukuliwa na panya. Na unadhani Mungu hana kazi, anakaa anakungoja wewe ukasirike ndipo afunge midomo ya watu? Ingekuwa hivyo ungekuwa kiwete zamani, kwa yale niliyokuwa nayasema nikiwa jikoni!*

Alisoma mpaka mwisho. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani maumivu yamemzidi, kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakohoa, na kicheko kikageuka kilio. "Ni yeye," akamwambia Nuru. "Huyu ni mke wangu. Hakuna mtu mwingine duniani anayenigombeza hivi." Akanigeukia. "Endelea, Mama Nuru. Gomba. Gomba tu."

Nikagomba, ndugu zangu! Nikamgombeza kwa ajili ya uji wenye chumvi nyingi, kwa ajili ya kwenda shambani bila koti, kwa kubeba laana ambayo haikuwapo. Kisha nikaanza jambo ambalo katika ndoa yetu yote, pamoja na kusema kwangu kote, sikuwahi kulisema. Nikaandika, *Na mimi Anaeli naku*, na kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha.

Nuru akakimbia kutafuta waya wa kuchajia. Baba Nuru akamzuia. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu wa kushoto, akasema, "Acha. Hilo lililobaki nalijua."

Mchungaji alikuja akatupa chakula cha Bwana sote wawili mle chumbani. Kabla ya kupokea, Baba Nuru alimtuma Nuru akalete isale. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto, yeye akiwa amenishika kifundo cha mkono ili nisitetemeke. Siku si nyingi baada ya hapo alilala, asiamke. Nilimzika bila neno, kwa sababu pale kaburini hapakuwa na mahali pa kuweka kibodi, nami sikutaka mtu anisemee.

Sitawadanganya kwa kuwa niko kanisani. Bado inaniuma. Miezi yote ile alibeba mzigo usio wake, na kitu cha kumtua kilikuwa mezani kwa fundi, kimejaa vumbi. Kwa nini hakikuja mapema? Namuuliza Mungu kila siku, hajanijibu. Na wapo humu wanaosema huu si ushuhuda kamili, maana ulimi haukuponywa. Ni kweli, haukuponywa. Mliniombea kwa sauti kubwa pepo wa ububu atoke, nami nilikaa nasikiliza nikiwaza, jamani, hakuna pepo hapa, kuna mtu! Lakini mume wangu alikufa akijua kwamba amesamehewa. Mimi naita huo ni wokovu. Asiyetaka kuuita hivyo, akaangalie kaburi la mtu aliyekufa bila kujua, kisha aje tuongee.

Asante Bwana! Asante kwa Nuru, kwa yule dada fundi, hata kwa kibodi iliyofutika herufi.

Ndugu yangu, kama nyumbani kwako kuna aliyenyamaza, usiseme mbele yake kama mbele ya ukuta. Msalimie, hata asipoitikia. Tafuta pa kumgusia, ukikosa leo, tafuta kesho. Mtumaini Mungu, hata pale anapochelewa kiasi cha kukutia hasira. Mimi amenitia hasira nyingi, na bado niko hapa mbele zake.

Naona Nuru amefika ukurasa wa mwisho na ninyi mnajiandaa kuitikia amina. Itikieni kwa nguvu, wapendwa. Itikieni na ya kwangu.