Duara la Katikati

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu kuwasimulia jambo lililonipata. Kuongea mbele ya watu sijazoea. Nilizoea kupigiwa kelele na watu, hiyo ni tofauti. Mnivumilie.

Wengine wenu mliniona nikicheza mpira hapa Malaba. Nilikuwa kiungo, namba sita. Kazi ya kiungo ni kukaa katikati, kupokea mpira na kuugawa. Na mpira ndio ulionipa ugali. Mwenye timu aliniandika kazi ya kupakia mizigo kwenye godauni lake, na kila mtu alijua kwamba ukitoka timu, umetoka kazini. Mama yangu na wadogo zangu kule Adungosi walikuwa wakinitegemea mimi.

Siku moja tukicheza nyumbani, nikapokea mpira ndani ya lile duara la chokaa la katikati. Jamaa akaja kutoka nyuma. Mimi sikumwona, nilisikia tu mfupa. Wenzangu wanasema nililia kama mbuzi, nami siwezi kubisha.

Hospitali kule Kocholia walinitibu vizuri. Plasta ikatolewa, nikatembea, nikakimbia. Lakini wazee wa timu hawakuridhika. Mnajua mambo ya timu zetu, hatuchezi mechi kubwa kabla ya kupita mahali fulani. Wakanivusha mpaka Uganda kwa mganga mmoja. Akanitazama, akasema, "Ssebo, bwana wangu, unyayo wako umezikwa katikati ya kile kiwanja. Ukikanyaga lile duara tena kwenye mechi, hutafika filimbi ya mwisho. Utakufa hapo hapo."

Nawaambia ukweli, niliamini neno kwa neno. Nilikuwa tayari na hofu nisiyojua niiweke wapi, na yule mzee akaionyesha mahali pa kukaa.

Sasa fikirini, kiungo asiyekanyaga katikati! Nilikuwa nazunguka. Mpira ukienda ndani ya duara, mimi nasimama nje nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Mashabiki wa Malaba hawana huruma, wakanipa jina Raundabauti, kama pale magari yanapozunguka. Mcheke, ni sawa, hata mimi sasa nacheka. Wakati ule sikucheka. Nikiona ile chokaa nyeupe nasikia moyo ukipiga ndani ya masikio, na ninajua kabisa kwamba nikiteleza hatua moja, mama atakuja kuchukua maiti. Nililia chooni zaidi ya mara moja, mtu mzima mwenye ndevu.

Kocha akaniita kando. "Boss, Jumapili ijayo nataka nikuone katikati. Usipoingia, namwambia mwenye timu atafute mwingine."

Wakati huo kulikuwa na Mjapani mmoja, mwalimu wa hesabu wa kujitolea kwenye sekondari ya huku kwetu. Jioni alikuwa anakuja kwa baiskeli kumsaidia kocha wetu. Tulijua tu kwamba anajua mpira. Siku ile alinifuata nikikusanya viatu.

"Mguu yako mzuri," akasema. "Macho ndio mgonjwa. Iko inaangalia chini, pale."

Nikamwambia yote. Nilingoja acheke, maana ni mtu wa hesabu. Hakucheka. Aliketi kwenye nyasi.

"Mimi pia iko na mahali," akasema.

Ndipo akanieleza, polepole, akitafuta maneno. Kwao alikuwa mchezaji wa kulipwa. Kiungo kama mimi! Ligi yao ya kulipwa ilipoanza, yeye alikuwemo, watu wanamwimba. Halafu akavunjwa kifundo cha mguu karibu na mstari wa kushoto. Akatibiwa na madaktari wakubwa, akarudi uwanjani. Lakini upande ule hakwenda tena. Mpira ukielekea kule, anamwachia mwenzake. Mashabiki wakaona. Timu ikaona. Mkataba ukaisha, hakupewa mwingine.

"Daktari anasema mfupa imepona," akasema. "Mfupa, ndiyo. Mimi, hapana. Na mimi hakuna mganga aliniambia. Nilijiambia mwenyewe."

Kesho yake jioni akaniita kiwanjani, sisi wawili tu. Akaenda na mpira mpaka mstari wa kushoto, akasimama. "Njoo nyang'anya. Usinihurumie."

Ndugu zangu, nilimwona mtu aliyelipwa mshahara kwa kucheza mpira akitetemeka midomo. Nilitaka kukataa. Akanifokea, "Njoo!" Nikaenda na mguu wote, tukaanguka pamoja. Akakaa chini, akashika kifundo chake, akakibonyeza. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka.

"Sasa wewe," akasema.

Nikafika kwenye chokaa, nikakwama. Hakunivuta, hakunihubiria. Aliingia ndani ya duara, akaketi katikati kabisa, akasema, "Mimi nangoja." Na kweli alingoja, mpaka malori ya foleni ya mpakani yakaanza kuwasha taa. Nikaingia. Nilitapika, nawaambia, kisha nikaketi karibu naye. Nikangoja kufa. Sikufa.

Mnafikiri hofu iliisha? Usiku nikajiambia, mganga alisema mechi, hayo yalikuwa mazoezi tu!

Jumapili nikaingia uwanjani nikiwa nimemuaga mama kama mtu anayesafiri. Mpira wa kwanza ukanijia ndani ya duara. Nikasikia mtu anakuja nyuma, vile vile kama siku ile. Mwili wote ukasema toka. Nikabaki na mpira. Akanigonga, nikayumba, nikapiga pasi. Refa alipopuliza ya mwisho nilikuwa hai. Tulifungwa mawili kwa bila, na mimi nikaruka ruka kwa furaha hadi kocha akadhani nimechanganyikiwa. Kazi yangu sikuipoteza.

Mwaka jana Japani ilipocheza Kombe la Dunia mara ya kwanza, nilisikiliza redioni. Nilijua jina lake haliwezi kutajwa, alisharudi kwao kufundisha. Bado nililingoja.

Nawashukuru madaktari waliofunga mguu wangu plasta, nawashukuru mama na kocha. Yule mwalimu, Mungu amkumbuke huko aliko.

Funzo langu ni dogo. Mwenye hofu usimcheke na usimsukume. Tangulia, ukae naye pale anapopaogopa. Wapo humu ndani wanaoogopa kwenda kupimwa damu kwa ajili ya ukimwi, nawajua kwa macho, maana ni macho yangu yale. Mimi pia sijapimwa. Naogopa, siwafichi. Kesho asubuhi nakwenda Kocholia. Nitaketi kwenye benchi la kwanza pale nje ya maabara, na sitaingia mpaka mmoja wenu aje aketi karibu nami.